Jinsi ya kusoma hesabu za kampuni ya michezo ya mezani na kujua mauzo yanaelekea wapi: mwongozo kamili kwa mfano wa Games Workshop

Kila Januari na Julai, Games Workshop inapotoa hesabu zake, napokea maswali yale yale kutoka kwa wasomaji. Mmoja ameona faida imeruka, anasema watu wamerudi kwa kishindo kwenye michezo ya mezani. Mwingine ameona faida imesogea kidogo tu, anasema michezo hii imekwisha, vijana wote wamehamia kwenye simu. Wote wawili wamesoma namba moja, ile iliyowekwa juu kabisa ya taarifa, na wote wawili wamekosea.

Namba ile ni jumla. Ndani yake fedha za asili tofauti zimechanganywa kama mchele na choroko: fedha za bidhaa zilizouzwa, fedha za leseni, wiki ya ziada, na kupanda au kushuka kwa sarafu. Anayetaka kujua kama wachezaji wananunua zaidi hana budi kuzichambua moja moja. Kazi hiyo inawezekana kabisa kwa mtu asiye mhasibu, na hapa nitaifanya hatua kwa hatua kwa namba halisi.

Nimeichagua Games Workshop kwa sababu hesabu zake ni safi kuliko za wengi. Inatengeneza Warhammer, yaani sanamu ndogo za plastiki ambazo mnunuzi huzikata, huziunganisha kwa gundi, huzipaka rangi, kisha huzipanga mezani kwa vita vya kete. Kiwanda chake kiko Nottingham, Uingereza, hisa zake ziko kwenye Soko la Hisa la London, na Desemba 2024 iliingia kwenye FTSE 100, kundi la kampuni kubwa 100 za soko hilo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ripoti za mwaka za miaka mitatu mfululizo. Ziko bure kwenye investor.games-workshop.com. Ukiwa na miwili tu utaona tofauti, hutaona mwelekeo.
- Taarifa ya nusu mwaka ya karibuni, ile inayotoka Januari.
- Kikokotoo cha simu, na daftari au lahajedwali lenye safu nne: mwaka, idadi ya wiki, mapato ya bidhaa, mapato ya leseni.
- Orodha ya tarehe za matoleo makubwa ya kampuni, ya sanamu na ya michezo ya kompyuta.
- Saa mbili za utulivu. Usiifanye kazi hii ndani ya daladala.

Ripoti zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nitataja vichwa vya majedwali kama vilivyo ili uvitambue ukifungua.

## Hatua ya 1: Jaza jedwali, lakini usilinganishe kitu bado

Tafuta mapato yaliyoandikwa Core, ambayo ni ya bidhaa zenyewe, na yale yaliyoandikwa Licensing, ambayo ni ya leseni. Yaandike mbalimbali. Yangu, kwa mamilioni ya pauni, yako hivi:

Mwaka | Wiki | Bidhaa | Leseni
2022/23 | 52 | 445.4 | 25.4
2023/24 | 53 | 494.7 | 31.0
2024/25 | 52 | 565.0 | 52.5

Onyo: usichukue namba kutoka kwenye habari za magazeti. Wengine huandika jumla ya bidhaa na leseni, wengine bidhaa peke yake, na mara nyingi hawasemi wametumia ipi. Ukichukua moja huku na nyingine kule, kila utakachokokotoa baadaye kitakuwa upotofu mtupu.

Umefaulu ikiwa jumla ya safu mbili za mwaka mmoja inalingana na mapato yote yaliyotajwa na ripoti. Kwa 2024/25, 565.0 na 52.5 zinatoa 617.5. Isipolingana, rudi ukatafute ulikoteleza.

## Hatua ya 2: Hesabu wiki

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo twende polepole.

Mwaka wa fedha wa Games Workshop haufungwi tarehe moja kila mwaka. Unafungwa Jumapili moja mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Wiki 52 zina siku 364 tu, hivyo kila mwaka siku moja au mbili hubaki nje, na baada ya miaka kadhaa zinatosha kuwa wiki nzima. Mwaka wa 2022/23 uliisha tarehe 28 Mei 2023. Uliofuata uliisha tarehe 2 Juni 2024. Hesabu siku kati ya tarehe hizo: ni 371, yaani wiki 53 kamili.

Kwa maneno mengine, mwaka wa 2023/24 ulipata wiki moja ya bure ya kuuza. Ukiulinganisha na mwaka uliotangulia unaonekana mrefu kuliko ulivyo, na mwaka unaoufuata unaonekana mfupi. Tazama kinachotokea.

Bila kujali wiki, mauzo ya bidhaa yalikua kwa asilimia 11.1 mwaka 2023/24, kisha kwa asilimia 14.2 mwaka 2024/25. Msomaji atasema kasi imeongezeka kiasi.

Sasa gawanya kila mwaka kwa wiki zake. 445.4 kwa 52 ni pauni milioni 8.565 kwa wiki. 494.7 kwa 53 ni milioni 9.334. 565.0 kwa 52 ni milioni 10.865. Ukuaji kwa wiki unakuwa asilimia 9.0, kisha asilimia 16.4. Kasi imekaribia kuongezeka maradufu. Kampuni ni ile ile na fedha ni zile zile, ila picha ni nyingine kabisa.

Onyo la kwanza: bakiza desimali tatu mpaka mwisho wa hesabu. Ukifupisha mapema jibu litasogea, na kwa namba za ukuaji nusu asilimia ni kubwa.

Onyo la pili: wiki hazifanani. Wiki ya mwisho wa Mei haiuzi kama wiki ya kabla ya Krismasi, kwa hiyo kugawanya sawasawa ni makadirio. Ni makadirio mazuri kuliko kujifanya wiki ya 53 haikuwepo, na ukitumia namba hiyo mbele za watu waambie umeipataje.

Umefaulu ikiwa una namba mbili za ukuaji kwa kila mwaka, ya kawaida na ya kwa wiki, na unaweza kumweleza mwenzio kwa nini zinapishana.

## Hatua ya 3: Tenga plastiki na karatasi

Plastiki ni sanamu. Karatasi ni mikataba ya leseni: kampuni ya michezo ya kompyuta inaruhusiwa kutumia ulimwengu wa Warhammer, nayo inalipa mrabaha, yaani sehemu ya mauzo yake. Fedha hizi mbili haziendi njia moja.

Ili kuuza sanamu za pauni 100, Games Workshop inachonga kalibu, inayeyusha plastiki, inachapa maboksi, inalipa mishahara, inasafirisha. Ili kupokea pauni 100 za mrabaha, kazi kubwa imefanywa na mtu mwingine. Fungua jedwali la sehemu za biashara uone faida ya uendeshaji, yaani faida kabla ya riba na kodi, ya kila upande. Mwaka 2024/25 bidhaa zilitoa faida ya pauni milioni 211.8 kutoka mapato ya 565.0, ambayo ni asilimia 37.5. Leseni zilitoa milioni 49.5 kutoka mapato ya 52.5, yaani zaidi ya asilimia 94.

Ndiyo maana leseni, ambazo hazikufika hata asilimia 9 ya mapato yote, zilikuwa karibu asilimia 19 ya faida yote ya uendeshaji. Kijito kidogo, lakini maji yake yote yanafika shambani.

Sasa chukua ile faida iliyoshangaza watu. Kabla ya kodi ilipanda kutoka milioni 203.0 hadi 262.8, sawa na asilimia 29.5. Je, wachezaji walinunua sanamu zaidi kwa asilimia 29.5? Hapana. Faida ya uendeshaji iliongezeka kwa milioni 59.5, na katika hizo, milioni 22.5 zilitoka kwenye leseni. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya ongezeko lote. Sababu yake inajulikana: Septemba 2024 ulitoka mchezo wa kompyuta wa Space Marine 2, ukauzwa vizuri sana, na mrabaha ukamiminika.

Onyo, na hili nalisisitiza kwa sababu limewaumiza watu fedha zao: mapato ya leseni yanaweza kuandikwa kabla fedha hazijaingia. Mkataba ukiwa na kiwango cha chini kilichohakikishwa, kanuni za uhasibu zinaweza kuruhusu kiwango hicho kiandikwe mkataba unapoanza, huku malipo yakija kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo leseni zikiruka ghafla, tafuta maelezo yanayotenganisha mrabaha uliotokana na mauzo na kiwango kilichohakikishwa. Halafu uangalie wadaiwa, yaani fedha ambazo kampuni bado inadai, kwenye mizania, lile jedwali la mali na madeni.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema, kwa shilingi yoyote ya faida iliyoongezeka, ilitoka kwenye plastiki au kwenye karatasi.

## Hatua ya 4: Fuata boksi mpaka kwa mnunuzi

Mauzo ya bidhaa nayo yana njia tatu. Trade ni maduka huru yanayonunua kwa bei ya jumla. Retail ni maduka ya kampuni yenyewe, ambayo ni zaidi ya 500 duniani, na mengi yana mfanyakazi mmoja tu. Online ni tovuti ya kampuni. Maduka huru ndiyo yanayobeba zaidi ya nusu ya mauzo ya bidhaa.

Kwa nini utenganishe? Kwa sababu boksi lile lile lina bei mbili. Tuchukue mfano wa kubuni: boksi la pauni 100 dukani kwa kampuni, na duka huru linalinunua kwa pauni 60. Mwaka jana kampuni iliuza maboksi 100, yote kwenye maduka yake. Ilipata pauni 10,000. Mwaka huu imeuza maboksi 60 kwenye maduka yake na 60 kwa maduka huru. Imepata 6,000 na 3,600, jumla 9,600. Maboksi yameongezeka kwa asilimia 20, mapato yamepungua kwa asilimia 4. Anayesoma mapato tu atatangaza msiba mahali penye harusi.

Faida nayo inaweza kugeuka upande mwingine tena, maana duka huru linalipa kodi ya pango na mishahara yake lenyewe.

Kuna jambo la pili kuhusu maduka huru. Kampuni inaandika mauzo duka linaponunua, si mchezaji anaponunua. Boksi limefika rafuni, halijafika mezani. Maduka yakijaza rafu kwa matumaini ya toleo jipya na wateja wasitokee, hesabu za mwaka huu zitapendeza na za mwaka ujao zitalipia. Kwa hiyo ukiona Trade inapanda kwa kasi huku Retail na Online zimelala, weka alama ya kuuliza pembeni. Njia zote tatu zikipanda pamoja, hamu ya wachezaji ni ya kweli.

Kumbuka pia kwamba njia moja inaweza kuila nyingine. Mwaka 2020 maduka yalifungwa kwa sababu ya korona, na wateja wakahamia mtandaoni. Kusoma kupanda kwa Online kwa wakati ule kama wateja wapya watupu lilikuwa kosa. Wengi wao walikuwa wale wale, wamebadili mlango.

## Hatua ya 5: Ondoa upepo wa sarafu

Mtu anayepokea dola kutoka kwa ndugu aliye Marekani anaijua hesabu hii bila kufundishwa. Dola 100 zilizotumwa ni zile zile, shilingi unazopokea zinategemea siku.

Games Workshop inauza sana Amerika ya Kaskazini na inaandika hesabu kwa pauni. Boksi la dola 130 linakuwa pauni 104 ikiwa pauni moja ni dola 1.25, na linakuwa pauni 100 ikiwa ni dola 1.30. Mauzo yamepungua karibu asilimia 4 na hakuna mteja aliyeondoka. Tafuta kwenye ripoti mapato yaliyokokotolewa kwa kiwango kisichobadilika cha sarafu, uyaandike pembeni ya yale ya kawaida. Dakika tano zinatosha.

Ushuru wa forodha wa Marekani ni suala tofauti, usiuchanganye na sarafu. Sanamu zinatoka Nottingham, kwa hiyo ushuru unagusa gharama na faida kwanza. Mauzo yataguswa tu bei zikipandishwa na wateja wakasita.

## Hatua ya 6: Weka kalenda juu ya namba

Biashara hii inakwenda kwa matoleo. Toleo la kumi la Warhammer 40,000 lilitoka Juni 2023, wiki chache tu baada ya mwaka wa fedha kufungwa, kwa hiyo fedha zake zote za mwanzo ziliangukia 2023/24. Lingetoka mwezi mmoja kabla, zingehamia mwaka uliotangulia na hadithi nzima ingebadilika.

Andika kila toleo kubwa kwenye nusu mwaka lilipoangukia, kisha ujiulize: kipindi ninacholinganisha nacho kilikuwa na kishindo gani? Warhammer 40,000 ndiyo mchezo mkubwa wa kampuni. Mwaka wa 2024/25 haukuwa na toleo lake jipya, ulikuwa na la Age of Sigmar, mchezo wake mwingine, Julai 2024, na bado mauzo kwa wiki yalikua haraka kuliko mwaka uliokuwa nalo. Kwangu mimi hiyo ndiyo dalili nzito kuliko zote kwenye ripoti ile, na sikuiona ikitajwa kwenye ujumbe hata mmoja niliotumiwa.

## Hatua ya 7: Chungulia ghalani na kwenye kasha la fedha

Angalia thamani ya bidhaa zilizo ghalani mwanzo na mwisho wa mwaka. Zikikua haraka kuliko mauzo, ama kampuni inajiandaa kwa toleo, ama imetengeneza kitu kisichotoka. Kalenda ya hatua ya 6 itakujibu.

Kisha fedha taslimu. Zikipungua usishtuke kabla hujatazama gawio. Kampuni hii hugawia wenye hisa fedha inazoona hazihitaji: pauni 4.20 kwa hisa kwa 2023/24, na 5.20 kwa 2024/25.

## Hatua ya 8: Jipime kwa nusu mwaka

Novemba 2025 kampuni ilitoa makadirio ya miezi sita hadi tarehe 30 Novemba 2025. Faida kabla ya kodi isiyopungua pauni milioni 135, dhidi ya 126.8 ya kipindi kama hicho mwaka uliotangulia. Bidhaa si chini ya milioni 310, dhidi ya 269.4. Leseni si chini ya milioni 16, dhidi ya 30.1.

Funga mwongozo huu, uchukue daftari, upitie hatua ya 2 na ya 3 peke yako kabla ya kusoma aya inayofuata.

Vipindi vyote viwili vina wiki 26, kwa hiyo wiki hazikudanganyi. Faida imekua kwa karibu asilimia 6.5 au zaidi, na msomaji wa namba moja ataona kampuni inayopunguza mwendo. Lakini mauzo ya bidhaa yamekua kwa angalau asilimia 15. Kilichorudi chini ni leseni, karibu nusu, kwa sababu kipindi cha kulinganisha kilikuwa na uzinduzi wa Space Marine 2. Wachezaji hawakuondoka mezani.

Umefaulu ikiwa uliandika sentensi inayofanana na hii: "Mauzo ya sanamu yanakua kwa zaidi ya asilimia 15, na faida inafunikwa na kushuka kwa mrabaha kutoka kilele cha mwaka jana." Ikiwa sentensi yako haitaji ukuaji umetoka wapi, rudia hatua ya 3.

## Ukihamia kampuni nyingine

Hatua ni zile zile, vichwa vya majedwali vinabadilika. Hasbro ya Marekani inaweka Magic: The Gathering, mchezo wake wa kadi, kwenye sehemu moja na michezo ya kidijitali, na mrabaha wa Monopoly Go, mchezo wa simu uliotengenezwa na Scopely, umo humo humo. Kuitenga karatasi na kadi kunahitaji kusoma maelezo ya chini ya jedwali, si jedwali peke yake. Asmodee, kampuni nyingine ya michezo ya mezani iliyoingia Soko la Hisa la Stockholm Februari 2025, inafunga mwaka wake tarehe 31 Machi, na inatenganisha michezo ya studio zake na ile ya washirika inayoisambaza tu. Hapo swali la hatua ya 3 linakuwa: ukuaji umetoka kwenye michezo yao wenyewe, au kwenye kadi za mtu mwingine zilizopita kwenye maghala yao?